Cochise: Alituhumiwa kwa kosa asilotenda, vita vikadumu zaidi ya miaka 10

JINA la Geronimo ndilo hutajwa zaidi kila vinapozungumzwa vita kati ya Waapache na Jeshi la Marekani. Hata hivyo, aliyetangulia kuingia vitani ni Cochise, kiongozi aliyetuhumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Cochise alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 miongoni mwa Wachiricahua, Waapache walioishi katika milima ya kusini mashariki mwa Arizona na kaskazini mwa Mexico. Watu wake walipigana na Wamexico kwa miaka mingi, lakini kwa Wamarekani waliruhusu magari ya farasi yaliyobeba abiria na barua kupita katika njia yao ya milimani, Apache Pass.

Mambo yaliharibika Januari 1861, baada ya Waapache kuvamia shamba la John Ward, kuswaga mifugo na kumteka mtoto wake wa kambo. Luteni George Bascom alitumwa kumrejesha mtoto huyo.

Cochise alipoitwa kambini Februari, alikwenda na mkewe, mtoto, ndugu yake Coyuntura na wapwa zake, ishara kuwa hakutarajia ubaya. Ndani ya hema alikana tuhuma, akaeleza kuwa waliohusika ni kundi jingine la Waapache, na kuahidi kusaidia kumtafuta mtoto. Bascom hakumwamini, akamweleza kuwa wangeshikiliwa wote. Cochise alichomoa kisu, akachana hema na kutoroka huku risasi zikirindima.

Alikamata Wamarekani kadhaa ili abadilishane mateka, lakini Bascom alisisitiza kwanza arejeshewe mtoto. Cochise akawaua mateka wake, nalo jeshi likawanyonga Waapache sita, akiwamo Coyuntura na wapwa wawili. Mke na mtoto waliachiwa.

Vita vikasambaa. Mwaka 1862 Cochise na baba mkwe wake, Mangas Coloradas, walipambana na jeshi Apache Pass, wakarudishwa nyuma kwa mizinga. Januari 1863 Mangas Coloradas, aliyekwenda kutafuta amani, alikamatwa na kuuawa akiwa mikononi mwa askari.

Amani ilipatikana mwaka 1872, pale Jenerali Oliver Howard alipomfuata Cochise milimani bila kikosi, akiongozwa na Thomas Jeffords, Mzungu aliyekuwa rafiki wa kiongozi huyo. Wachiricahua walitengewa ardhi ndani ya nchi yao, na Jeffords akawa msimamizi wake. Cochise aliitunza ahadi hiyo hadi alipofariki dunia Juni 1874. Alizikwa kwa siri katika milima ya Dragoon.

Serikali haikudumu na ahadi yake. Mwaka 1876 iliwanyang'anya ardhi hiyo na kuwahamishia San Carlos, mapigano yakarejea hadi Geronimo aliposalimu amri mwaka 1886.

Mtoto aliyetekwa hakufa. Alilelewa na Waapache wengine, kama Cochise alivyodokeza, na baadaye, kwa jina la Mickey Free, akawa mkalimani na mpelelezi wa jeshi lilelile lililotumwa kumtafuta.