Mary Stuart

Mary Stuart (Linlithgow, Uskoti, 8 Desemba 1542 – Fotheringhay, Uingereza, 8 Februari 1587) alikuwa malkia wa Uskoti kuanzia mwaka 1542 hadi 1567. Kwa muda mfupi, kuanzia mwaka 1559 hadi 1560, alikuwa pia malkia wa Ufaransa kama mke wa mfalme Francis II.

Anajulikana hasa kwa sababu ya kifungo chake cha zaidi ya miaka 18 nchini Uingereza, kilichomalizika kwa kukatwa kichwa wakati wa malkia Elizabeth I. Anakumbukwa pia kama mdarizi hodari. Kazi aliyoipenda tangu ujana ilikuwa faraja yake kubwa kifungoni, na kazi zake kadhaa zimehifadhiwa hadi leo.

Utoto na ujana

Mary alikuwa binti wa mfalme James V wa Uskoti na mke wake Mfaransa, Mary wa Guise. Baba yake alifariki siku 6 baada ya yeye kuzaliwa, hivyo akawa malkia akiwa mtoto mchanga.

Mwaka 1548, akiwa na umri wa miaka 5, alipelekwa Ufaransa na kulelewa pamoja na watoto wa mfalme Henry II. Alifundishwa lugha, muziki na dansi, pamoja na kazi ya sindano, ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya kila mwanamke wa tabaka la juu. Catherine de' Medici, aliyekuja kuwa mama mkwe wake, alisifika kwa kazi hiyo.

Tarehe 24 Aprili 1558 aliolewa na Francis, mrithi wa ufalme wa Ufaransa. Mume wake alifariki Desemba 1560, na mwezi Agosti mwaka uliofuata Mary alirudi Uskoti akiwa mjane wa miaka 18.

Utawala nchini Uskoti

Mary alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo bunge lake lilikuwa limekubali Uprotestanti mwaka 1560. Balozi wa Uingereza, Thomas Randolph, aliripoti kwamba malkia alikuwa na desturi ya kushona wakati wa vikao vya baraza lake, huku akiwasikiliza wajumbe.

Mwaka 1565 aliolewa na Henry Stuart, Lord Darnley, na mwaka uliofuata alimzaa mtoto wake wa pekee aliyeishi, James. Februari 1567 Darnley aliuawa. Miezi 3 baadaye Mary aliolewa na Bothwell, mtu aliyeshukiwa na wengi kuhusika na mauaji hayo. Makabaila waliasi, wakamfunga katika ngome ya Lochleven, iliyoko kwenye kisiwa ziwani, na kumlazimisha kumwachia mtoto wake ufalme.

Mei 1568 alitoroka, lakini jeshi lake lilishindwa huko Langside. Alivuka mpaka kuingia Uingereza akitumaini msaada wa Elizabeth, binamu wa baba yake. Badala yake alishikiliwa, kwa kuwa Wakatoliki wengi walimwona kuwa mwenye haki ya kiti cha Elizabeth.

Kifungo na kazi ya sindano

Kuanzia mwaka 1569 Mary alilindwa na George Talbot, mkuu wa Shrewsbury, kwa muda wa miaka 15 hivi, katika majumba ya Tutbury, Sheffield, Chatsworth na mengineyo. Hakuwa na uhuru wa kutembea apendavyo, na barua zake zilichunguzwa. Mgeni mmoja aliyefika Tutbury aliambiwa na Mary kuwa alishona kutwa nzima, kwamba wingi wa rangi ulimpunguzia uchovu, na kwamba aliacha pale tu maumivu yalipomzidi.

Mara nyingi alishona pamoja na Elizabeth Talbot, mke wa mlinzi wake, ambaye anajulikana zaidi kama Bess wa Hardwick. Shrewsbury aliitaarifu serikali kwamba wanawake hao, pamoja na wahudumu wa Mary, waliketi kila siku wakibuni mapambo mapya. Baadaye urafiki huo ulivunjika.

Michoro ilichorwa kwanza juu ya kitambaa chenye matundu, kazi iliyofanywa na mdarizi wa kitaalamu. Kisha Mary na wenzake walijaza mchoro wote kwa nyuzi za hariri, wakitumia mishono midogo ya mshazari na ya msalaba. Vipande vilivyokamilika, vingi vikiwa na umbo la msalaba au la pembe 8, vilikatwa pembezoni na kushonwa juu ya mahameli ya kijani ili viwe mapazia ya kuning'inizwa.

Wanyama wengi walitokana na picha za vitabu vya Conrad Gessner, mtaalamu wa elimu ya viumbe kutoka Uswisi. Kati yao kuna ndege wa Amerika mwenye mdomo mkubwa. Kipande kingine kinaonyesha paka wa rangi ya machungwa akiwa na panya. Wengi hukiona kama fumbo juu ya Elizabeth, aliyekuwa na nywele nyekundu, na mfungwa wake.

Mto wa Norfolk

Udarizi ulikuwa pia njia ya kutuma ujumbe. Mary alimpelekea Thomas Howard, mtawala wa Norfolk aliyekusudia kumwoa, mto uliodariziwa mkono ukitoka mawinguni na kukata tawi la mzabibu, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba ushujaa hustawi kwa kujeruhiwa. Picha hiyo ilieleweka hivi: tawi lisilozaa ni Elizabeth, asiye na mtoto, na tawi lizaalo ni Mary. Mto huo ulitumika kama ushahidi katika kesi ya Norfolk, aliyekatwa kichwa tarehe 2 Juni 1572.

Mwaka 1574 Mary alijaribu njia ya upole. Alimtumia Elizabeth sketi ya satini nyekundu aliyoidarizi mwenyewe kwa nyuzi za fedha. Elizabeth aliipokea, lakini hakumwachia huru.

Kifo

Mwaka 1586 iligunduliwa njama ya Anthony Babington ya kumwua Elizabeth, na barua za siri za Mary zilionyesha kuwa aliikubali. Alihukumiwa na kukatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay akiwa na umri wa miaka 44. Mwaka 1603 mtoto wake James alirithi pia ufalme wa Uingereza, na mwaka 1612 alihamishia mwili wa mama yake Westminster Abbey, London.

Urithi

Sehemu kubwa ya vipande vyake na vya Bess ni mali ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London, na huonyeshwa katika nyumba ya Oxburgh Hall, wilaya ya Norfolk. Kipande cha paka kimo katika mkusanyo wa kifalme, kwenye jumba la Holyroodhouse, Edinburgh. Vingi vina herufi za jina lake, na kwa hizo wataalamu wameweza kutenganisha kazi yake na ya wenzake.