Bergen: Mwimbaji wa Uturuki aliyeitwa Mwanamke wa Machungu

Usiku wa tarehe 14 Agosti 1989, katika wilaya ya Pozantı, kwenye njia ya milimani inayouunganisha mji wa Adana na nyanda za juu za Anatolia, mwimbaji mashuhuri wa Uturuki aliuawa kwa kupigwa risasi na mwanamume aliyekuwa mtalaka wake. Jina lake halisi lilikuwa Belgin Sarılmışer, lakini Waturuki walimjua kwa jina moja tu la jukwaani: Bergen. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Zaidi ya miaka 35 imepita tangu usiku ule, na sauti yake nzito bado inasikika nchini Uturuki na miongoni mwa Waturuki waishio Ulaya. Habari za maisha yake ni habari za msanii, lakini ni habari pia za nchi iliyobishana kwa muda mrefu juu ya muziki wa huzuni, huku madhila yenyewe yaliyoimbwa katika muziki huo yakichukuliwa kuwa ni mambo ya ndani ya nyumba za watu.

Muziki uliofungiwa mlango

Ili kumfahamu Bergen, hatuna budi kwanza kuufahamu muziki aliouimba, yaani arabeski. Baada ya kuasisiwa Jamhuri ya Uturuki mwaka 1923, viongozi wake walitaka taifa jipya liuelekee utamaduni wa Ulaya. Mnamo Novemba 1934 redio iliagizwa isipige tena muziki wa jadi wa mijini wa Kituruki, na agizo hilo likadumu hadi mwaka 1936. Wasikilizaji wengi hawakugeukia muziki wa Kizungu kama ilivyotarajiwa. Walizungusha vitufe vya redio zao wakatafuta vituo vya Kiarabu, hususan Cairo.

Mwaka 1938 filamu ya Kimisri aliyoicheza mwimbaji Mohammed Abdel Wahab ilipoonyeshwa mjini Istanbul, watu walifurika kuitazama. Serikali ikajibu kwa kupiga marufuku nyimbo za Kiarabu katika filamu, nao watunzi wa Kituruki wakaziba pengo hilo kwa nyimbo zao wenyewe zenye ladha ile ile ya Misri. Wapenzi wa taarabu ya Unguja na Mombasa hawatashangaa kusikia hayo, kwani taarabu nayo ilichota katika kisima hicho hicho cha Cairo. Fidla nyingi zinazolia kwa pamoja, ganuni, na mwimbaji anayelalamikia mapenzi na majaaliwa, yote hayo ni mambo wanayoyatambua mara moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Orhan Gencebay, mpigaji hodari wa bağlama, ala ya nyuzi ya wanakijiji wa Anatolia, aliichanganya ala hiyo na fidla za Kimisri pamoja na vyombo vya kisasa vya Ulaya. Hapo ndipo arabeski ilipopata sura yake kamili. Ulikuwa wakati wa mamilioni ya watu kuyahama mashamba na kuhamia mijini, wakijenga pembezoni mwa miji vibanda viitwavyo gecekondu, jina lenye maana ya nyumba iliyoota usiku mmoja. Wahamiaji hao waliupokea muziki huo kama wao wenyewe ndio walioutunga.

Shirika la utangazaji la taifa, TRT, liliufungia mlango. Maafisa wake pamoja na wasomi wengi waliuona kuwa ni muziki wa kishamba, wenye asili ya kigeni na unaowafunza watu kukata tamaa. Lakini kanda za kaseti hazikuhitaji kibali cha TRT. Ziliuzwa sokoni na vibarazani, na zilipigwa mchana kutwa katika magari madogo ya abiria yaitwayo dolmuş, kiasi kwamba wenye dharau waliuita muziki huo kuwa ni muziki wa dolmuş.

Kutoka Mersin hadi Ankara

Belgin alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa bandari wa Mersin, kusini mwa Uturuki. Wazazi wake walipotengana, alifuatana na mama yake hadi mji mkuu, Ankara. Kipaji chake kilidhihirika mapema, akaingia katika chuo cha taifa cha muziki cha mji huo, ambako wanafunzi walifundishwa kwa taratibu za Ulaya. Kama shida isingebisha hodi, huenda angeishia katika okestra ya serikali, akipiga muziki ule ule ambao dola iliupenda. Lakini fedha hazikutosha. Aliacha masomo akaajiriwa katika idara ya posta.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kuimba katika kumbi za starehe za usiku za Ankara, akajichagulia jina la Bergen, ambalo ni jina la mji mmoja wa bandari wa Norway. Kazi ya ukumbini ilikuwa na malipo mazuri kuliko ya posta, lakini ilikuwa na aibu yake. Mwanamke aliyeimba usiku mbele ya meza za wanaume wanaokunywa alishangiliwa na wateja hao hao ambao wasingekubali dada zao wafanye kazi kama hiyo. Yeyote aliyemdhuru alijua kwamba wapo watakaosema amejitakia.

Kazi ilimpeleka Adana, mji mkubwa wa nyanda za pamba za Çukurova. Mji huo ulikuwa kama tanuri la arabeski, kwani ndiko alikozaliwa Ferdi Tayfur na ndiko alikokulia Müslüm Gürses, wawili kati ya vigogo wakubwa wa muziki huo. Huko Bergen alikutana na mwanamume aliyekuja kuwa mumewe. Ndoa yao ilitawaliwa na wivu na kipigo. Alipoamua kumwacha, alikimbilia İzmir, mji ulio mbali upande wa magharibi, akaanza tena kuimba.

Tindikali

Tarehe 31 Oktoba 1982, mjini İzmir, Bergen alimwagiwa tindikali usoni. Aliyeimwaga alikuwa mtu aliyekodiwa na mumewe. Bergen alinusurika, lakini jicho lake la kulia lilipofuka, uso na mwili wake ukaungua, naye akalazimika kupitia matibabu marefu na operesheni nyingi.

Watu wengi walidhani kwamba mwimbaji huyo hatapanda tena jukwaani. Katika kazi ambayo sura ya mwanamke ilitangazwa ukutani kabla ya sauti yake, dhana hiyo ilikuwa na mantiki yake. Hata hivyo, Bergen alirejea. Aliziachia nywele zake zifunike upande wa kulia wa uso, na pengine alilifunika jicho hilo kwa kitambaa kilichonakshiwa kwa vimetameta kulingana na gauni alilovaa. Hakuficha kilichompata, na watazamaji walijua fika kilichokuwa nyuma ya nywele zile.

Mwanamke wa Machungu

Mwaka 1986 ilitoka kanda yake iliyoitwa Acıların Kadını, maana yake Mwanamke wa Machungu. Ilimpa umaarufu wa nchi nzima, na jina la kanda likageuka kuwa lakabu yake hadi leo. Ikafuatiwa na filamu yenye jina hilo hilo, ambayo yeye mwenyewe aliicheza.

Inafaa kueleza kwa nini kanda ile iliwagusa watu kiasi hicho. Vigogo wengi wa arabeski walikuwa wanaume, na katika nyimbo zao mwenye kuleta maumivu ni mwanamke: ndiye msaliti, ndiye asiye na huruma, na mwanamume ndiye anayeungua. Bergen alitumia maneno yale yale ya moto, majaaliwa na kutendwa, lakini maneno hayo yalipotoka katika kinywa chake yaligeuka. Kuungua hakukuwa tena mfano wa washairi. Msikilizaji alikuwa anamwona mbele yake mtu aliyeunguzwa. Kwa wanawake wengi waliofungiwa ndani na mambo wasiyoweza kumsimulia jirani, sauti ile nzito ilikuwa mara ya kwanza kusikia mlalamikaji akiwa ni wao.

Umaarufu haukumpa usalama. Mume huyo alifungwa kwa kosa la tindikali, akatoka, na Bergen akarudiana naye, kisha akamwacha tena. Wapo waliomlaumu kwa kurudi. Lakini tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1987 hakimu mmoja wa mji wa Çankırı alikataa kumpa talaka mwanamke mjamzito aliyekuwa akipigwa na mumewe, na katika hukumu yake akategemea methali inayohalalisha kipigo. Ilikuwa ni hasira juu ya hukumu hiyo iliyowatoa wanawake barabarani mjini Istanbul mwezi Mei mwaka huo, katika maandamano yanayohesabiwa kuwa mwanzo wa harakati za kupinga vipigo vya majumbani nchini humo. Mor Çatı, taasisi inayojulikana kwa kuwahifadhi wanawake wanaokimbia kupigwa, iliundwa mwaka 1990. Bergen hakuiona.

Arabeski isiyo na machungu

Mwanzoni mwa mwaka 1989, wizara ya utamaduni iliamua kuushughulikia muziki ambao marufuku zilishindwa kuuzima. Ilikuja na wazo la arabeski isiyo na machungu, yaani muziki wenye mahadhi yale yale lakini uliosafishwa huzuni na manung'uniko. Mwimbaji Hakkı Bulut alirekodi wimbo wa mfano kwa ajili ya mpango huo. Wananchi waliupokea kwa kejeli, na mpango ukafifia.

Wakati wakuu wa nchi wakiyajadili machungu ya ndani ya kaseti, Mwanamke wa Machungu mwenyewe alikuwa akizunguka mji kwa mji akifanya maonyesho, huku akiandamwa na mtu aliyekwisha kumpofua jicho. Mwaka huo huo talaka ilipita. Mwezi Agosti, akiwa safarini baada ya onyesho pamoja na mama yake, mtalaka wake aliwafikia Pozantı. Bergen alifariki dunia kwa risasi na mama yake akajeruhiwa. Maiti yake ilirudishwa Mersin, mji aliozaliwa, akazikwa huko.

Mwuaji alitorokea Ujerumani. Baadaye alikamatwa na kurejeshwa Uturuki. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15, lakini baada ya kurejeshwa nchini alikaa gerezani muda wa miezi 7 tu, kisha akaachiwa huru. Sheria ya jinai ya wakati huo, iliyotungwa mwaka 1926, ilitoa nafasi kubwa ya kumpunguzia adhabu mwuaji aliyedai kwamba alichokozwa, na katika kesi za wake na waume dai hilo lilikuwa rahisi kutolewa, kwani aliyeweza kulipinga alikuwa kaburini.

Mama yake Bergen hakutulia hata baada ya maziko. Kwa kuhofia kwamba kaburi la mwanawe lingeshambuliwa, alilizungushia kizimba cha chuma. Kizimba hicho kimekuwa alama inayojulikana na kila anayekwenda kuzuru, naye mama aliishi miaka mingi akimlinda marehemu ambaye mahakama hazikuweza kumlinda alipokuwa hai.

Jina lisilofutika

Tangu mwaka 1989 mambo mengi yamebadilika. Sheria mpya ya jinai ya Uturuki ilianza kutumika mwaka 2005. Mwaka 2011 mkataba wa Baraza la Ulaya wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake ulifunguliwa kwa ajili ya kutiwa saini mjini Istanbul na ukachukua jina la mji huo, na mwaka 2012 bunge la Uturuki likapitisha sheria ya kuwalinda wanaotishiwa. Lakini mwezi Machi 2021 Uturuki ilitangaza kujitoa katika mkataba huo, na uamuzi ukaanza kutekelezwa tarehe 1 Julai mwaka huo, licha ya maandamano ya wanawake katika miji mbalimbali.

Katika hali hiyo, tarehe 4 Machi 2022, filamu mpya iitwayo Bergen ilianza kuonyeshwa, mwigizaji Farah Zeynep Abdullah akicheza nafasi ya mwimbaji huyo. Zaidi ya watu milioni 5 waliingia sinema kuitazama, idadi ambayo ni filamu chache za Kituruki zilizowahi kuifikia. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa alipouawa. Katika mji wa Kozan, mkoani Adana, ambao ndio mji wa nyumbani wa mwuaji, uongozi wa manispaa uliamua kwamba filamu hiyo isionyeshwe.

Kwa hakika, arabeski yenyewe haina tena wa kuifungia mlango. Vituo binafsi vya televisheni, vilivyoanza mwaka 1990, viliifungulia milango yote, na leo hii muziki huo unahesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa taifa. Mjadala juu ya muziki umekwisha. Mjadala uliobaki ni ule ambao Bergen alilipa kwa jicho, kisha kwa roho yake: ni nani anayemlinda mwanamke aliyesema basi, na ni miaka mingapi gerezani inayolingana na uhai wake. Kwa ajili hiyo, kila mara mwanamke anapouawa na mumewe au mtalaka wake nchini Uturuki, wapo wanaolitaja tena jina la mwimbaji aliyelala Mersin ndani ya kizimba cha chuma.