John Wesley: Deni la jengo lililozaa vikundi vya imani

JINA la John Wesley linapotajwa, wengi humkumbuka mhubiri aliyezunguka Uingereza juu ya farasi kwa zaidi ya nusu karne, akihubiri sokoni, viwanjani na karibu na machimbo ya makaa ya mawe. Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, mahubiri peke yake yasingeiwezesha kazi yake kuishi baada ya wasikilizaji kurejea makwao. Kilichoihifadhi ni jambo dogo lililoanza Februari 1742 katika mji wa bandari wa Bristol, nalo halikutokana na ndoto wala mjadala wa wanateolojia. Lilitokana na deni.

Wesley alizaliwa Juni 1703 huko Epworth, katika jimbo la Lincolnshire. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wakiwa wadogo. Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba ya kasisi ilishika moto na John, mwenye umri wa miaka mitano, akasahaulika ghorofani. Mtu mmoja alipanda mabegani mwa mwenzake akamtoa kupitia dirishani, muda mfupi kabla paa halijaporomoka.

Anayetaka kujua Wesley alikojifunzia namna ya kulea imani ya watu wengine hana budi kuanzia jikoni kwa Susanna. Mama huyo alimtengea kila mtoto jioni yake katika wiki, akae naye peke yake na kuzungumza juu ya hali ya moyo wake. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Katika majira ya baridi ya 1711 kuelekea 1712, mumewe akiwa London kwa shughuli za Kanisa, Susanna alianza kusali na kuwasomea mahubiri watoto na watumishi wa nyumbani. Majirani walisikia, wakaomba kuingia. Haukupita muda mrefu, waliokuja walifikia 200 hivi, wengine wakirudi kwa kukosa nafasi ya kusimama.

Kasisi msaidizi hakupendezwa na mwanamke kuwakusanya watu kuliko alivyoweza yeye kanisani, akamwandikia Samuel kushtaki. Samuel alimshauri mkewe aache. Susanna alimjibu kwa adabu, lakini kwa uthabiti, kwamba ushauri hautoshi: kama anataka mikutano ikome, basi atoe amri iliyo wazi, ili siku ya hukumu lawama ya kuwanyima watu neno la Mungu isimwangukie yeye. Amri hiyo haikutolewa.

Huko Oxford, John alikuwa mwanazuoni wa Chuo cha Lincoln na kuwekewa mikono kuwa kasisi. Mwaka 1729 alijiunga na kikundi kidogo kilichokuwa kimeanzishwa na mdogo wake, Charles. Wanachama walisoma Agano Jipya kwa Kigiriki, walifunga Jumatano na Ijumaa, wakawatembelea wafungwa. Wanafunzi wenzao waliwadhihaki kwa jinsi walivyoishi kwa ratiba na utaratibu, wakawabandika jina la Wamethodisti. Jina hilo la kejeli leo limeandikwa kwenye milango ya makanisa duniani kote.

Utaratibu, hata hivyo, haukumpa amani. Mwaka 1735 alisafiri kwenda koloni la Georgia, Marekani. Baharini, Januari 1736, merikebu ilipigwa na dhoruba kali. Waingereza walipiga mayowe, ilhali abiria wa Kijerumani wa Kanisa la Moravian, wanawake na watoto wakiwemo, waliendelea kuimba zaburi kwa utulivu. Hilo ndilo kanisa ambalo mwaka 1891 wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika. Wesley aligundua kwamba yeye, kasisi na msomi, aliogopa kufa, na wale mafundi na wakulima hawakuogopa.

Georgia ilimshinda. Alimpenda msichana mmoja, akasitasita, msichana akaolewa na mtu mwingine, kisha Wesley akamnyima Ushirika Mtakatifu. Alifikishwa mahakamani, na Desemba 1737 akaondoka akiwa na jina lililochafuka. Mtu aliyejua kanuni zote za dini alikuwa ameshindwa kuchunga kundi dogo.

Mageuzi yalimfikia London jioni ya Mei 24, 1738, katika mkutano wa jumuiya moja mtaa wa Aldersgate. Alikwenda bila kupenda. Mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi, na ilipokaribia saa tatu usiku Wesley alihisi moyo wake ukipata joto ambalo hakuwahi kulijua, akaamini kwamba dhambi zake, yeye binafsi, zimeondolewa. Wasimulizi wengi huieleza jioni hiyo kana kwamba alikuwa peke yake na Mungu wake. Hakuwa peke yake. Alikuwa chumbani na watu wengine, akisomewa.

Aprili 1739, baada ya rafiki yake, George Whitefield, kumwita Bristol na kumshawishi, alihubiri nje ya kanisa, jambo ambalo kwa kasisi mwenye heshima zake lilikaribia aibu. Maelfu walikuja. Mwezi uliofuata walianza kujenga ukumbi wa mikutano, ambao hadi leo upo mjini humo. Watu walikuwa wengi na fedha zilikuwa chache. Miaka mitatu baadaye deni lilikuwa bado halijamalizika.

Basi, Februari 15, 1742, viongozi walikutana kutafuta njia ya kulilipa. Mmoja wao, nahodha Foy, alipendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Mwingine alipinga, akasema wengi ni maskini na hata peni hawana. Foy akajibu kwamba apewe yeye maskini 11 kuliko wote: atawapitia kila wiki, watakaoweza watatoa, na wasioweza atawalipia kutoka mfukoni mwake. Akawataka wenzake nao wafanye hivyo hivyo. Hivyo ndivyo walivyogawanywa watu 12 kwa 12, kiongozi akiwemo.

Makusanyo ya peni yalileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Viongozi walipobisha hodi nyumba kwa nyumba, waliona yasiyoonekana kanisani. Waliona mume mlevi, mke aliyepigwa, majirani wasiosalimiana, mgonjwa ambaye hakuna aliyejua kuwa anaumwa. Taarifa zilipomfikia, Wesley alitambua mara moja kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu. Aliwaita viongozi akawaagiza wasiulize habari za fedha tu, bali pia hali ya roho ya kila mmoja. Mwezi uliofuata utaratibu huo ukaanza London.

Kuzunguka majumbani hata hivyo kulikuwa na matatizo. Wanachama wengi walikuwa watumishi wa ndani, na mabwana zao hawakuruhusu wageni. Aidha, ugomvi wa watu wawili hauwezi kusuluhishwa kwa kumsikiliza mmoja leo na mwingine kesho. Ikaamuliwa kila kikundi kikutane mahali pamoja mara moja kwa wiki. Vikundi hivyo viliitwa madarasa, ingawa havikuwa na ubao wala mtihani. Mkutano ulifunguliwa na kufungwa kwa wimbo na sala. Katikati, kiongozi alianza kwa kueleza juma lake lilivyokwenda, vishawishi na maanguko yake, kisha akamgeukia kila mmoja kwa zamu. Mwashi, muuza samaki, mjane na mfanyabiashara walikaa kwenye benchi moja, wake kwa waume.

Masharti ya kuingia yalikuwa mepesi kwa namna ya kushangaza. Kanuni za mwaka 1743 hazikumtaka mtu akiri fundisho lolote, ila awe na shauku ya kuokolewa kutoka dhambini. Kubaki ndani ndiko kulikokuwa kugumu. Ilimpasa mwanachama aache uovu, atende mema na ashike ibada na sala. Kila baada ya miezi mitatu alihojiwa, akapewa tiketi ndogo ya karatasi. Aliyenyimwa tiketi alijua ametolewa.

Ukali wa utaratibu huo unaonekana katika hesabu ya Newcastle, Machi 1743, ambayo Wesley aliiandika kwa usahihi wa karani wa benki. Waliotolewa walikuwa 64: wawili kwa kuapiza, wawili kwa kuvunja Sabato mara kwa mara, 17 kwa ulevi, wawili kwa kuuza pombe kali, watatu kwa ugomvi, mmoja kwa kumpiga mkewe, watatu kwa uongo, wanne kwa kusengenya na mmoja kwa uvivu. Waliobaki 29, karibu nusu ya wote, walitolewa kwa wepesi na kutojali. Kumtoa mtu kwa kumpiga mkewe, katika zama ambazo wengi hawakuliona jambo hilo kuwa kosa, ni ujasiri. Kuwatoa 29 kwa wepesi kunampa msomaji wa leo sababu ya kujiuliza ni nani aliyeshika mizani hiyo.

Wakosoaji walisema mambo hayo hayamo katika Biblia. Wesley hakubisha sana. Alijibu kwamba ni njia za busara tu, na zinaweza kubadilishwa ikipatikana iliyo bora. Jambo ambalo hakukubali kulibadilisha ni kwamba mtu asiachwe peke yake baada ya kuhubiriwa. Agosti 1763 alipita Pembrokeshire, Wales, mahali palipohubiriwa kwa miaka mingi bila kuundwa vikundi, akakuta waliokuwa wameamka wengi wao wamelala tena usingizi mzito kuliko wa mwanzo. Aliandika kwa uchungu kwamba kuhubiri bila kuwaunganisha watu ni sawa na kumzalia muuaji watoto.

Vikundi viligusa tumbo pamoja na roho. Mwaka 1746 Wesley alianzisha zahanati ya bure kwa maskini, na mwaka huohuo akachangisha pauni 50 mjini London kuwa mfuko wa mikopo. Mtu aliweza kukopa hadi shilingi 20 na kurejesha kidogo kidogo ndani ya miezi mitatu. Kwa fungu hilo dogo watu 250 walisaidiwa katika mwaka mmoja. Wanachama wa Saccos za leo hawatahitaji maelezo zaidi.

Wanawake nao walipata sauti ambayo Kanisa halikuwa tayari kuwapa. Februari 1761, mjini Derby, Sarah Crosby alikwenda kuongoza darasa akitarajia watu 30 hivi, akakuta karibu 200. Kuzungumza na kila mmoja hakukuwezekana, naye akasimama akawaeleza wote kwa pamoja yale Bwana aliyomtendea. Kisha, kwa hofu, akamwandikia Wesley kuuliza kama amevuka mpaka. Wesley alimjibu kwamba hajaenda mbali kupita kiasi. Huenda aliikumbuka jiko la Epworth.

Kuna upande mmoja wa maisha yake ambao wapenzi wake huupita haraka. Mtu aliyewapangia maelfu waulizwe kila wiki juu ya hali zao, yeye mwenyewe kadiri alivyozeeka hakuwa na wa kumwuliza. Mwaka 1749 alikusudia kumwoa Grace Murray, mmoja wa viongozi wa vikundi, lakini Charles aliingilia kati na mwanamke huyo akaolewa na mhubiri mwingine. Februari 1751, kwa haraka iliyowashtua wengi, alimwoa mjane Mary Vazeille. Wesley hakupunguza safari hata moja, na wivu wa mkewe haukupungua pia. Mary alimwacha, akarudi, akamwacha tena. Alipofariki Oktoba 1781, alizikwa bila Wesley kuwa na habari. Yeye ambaye hakukosa mkutano alikosa mazishi ya mkewe.

Wakati huo mtandao wa vikundi ulikuwa umevuka bahari. Ulienea Ireland na Marekani, na miongo mingi baada ya kifo chake, mwaka 1862, tawi mojawapo la Wamethodisti wa Uingereza lilianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, kupitia mmisionari Thomas Wakefield. Wesley mwenyewe hakukusudia kuunda kanisa jipya. Alikufa akijiita Mwanglikana, ijapokuwa mwaka 1784 aliwawekea mikono wahubiri kwa ajili ya Marekani bila idhini ya askofu yeyote, na Charles hakufurahia.

Uzeeni hofu yake kubwa ilikuwa utajiri. Aliona kwamba mtu akiongoka huacha ulevi, hufanya kazi kwa bidii, huweka akiba, hutajirika, na akishatajirika moyo hupoa. Yeye mwenyewe alipata fedha nyingi kwa vitabu vyake na kuzigawa karibu zote. Februari 24, 1791, mkono ukitetemeka, aliandika barua ya mwisho kumtia moyo mbunge William Wilberforce katika vita dhidi ya biashara ya utumwa, biashara ambayo Wesley alikuwa ameilaani kwa maandishi tangu 1774.

Alifariki Machi 2, 1791 nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 87, amezungukwa na marafiki waliokuwa wakisali na kuimba. Wanachama katika Uingereza na Ireland walikuwa zaidi ya 70,000. Alizikwa alfajiri, kabla watu hawajajaa. Katika wosia wake alikataza mbwembwe za gari la maiti, akaagiza jeneza libebwe na maskini sita, na kila mmoja wao alipwe pauni moja.