Abraham Jacobi, daktari aliyetetea vichwa vya watoto

Mzazi akiambiwa mifupa ya fuvu la mwanawe imeungana mapema, huuliza kwanza: je, ni lazima apasuliwe? Swali hilo lina historia ndefu.

Abraham Jacobi alizaliwa mwaka 1830 huko Prussia, Ujerumani ya leo. Alihitimu udaktari Bonn mwaka 1851, kisha akafungwa jela kwa kushiriki harakati za mapinduzi. Alipotoka alikimbilia Uingereza, na mwaka 1853 akafika New York. Mwaka 1860 alianzisha kliniki ya kufundishia magonjwa ya watoto, na leo anaitwa baba wa tiba ya watoto Marekani. Naye alionja uchungu wa mzazi: mwaka 1883 mwanawe alifariki kwa dondakoo, ugonjwa ambao baba alikuwa bingwa wake.

Mwaka 1890, Lannelongue wa Paris alianza kukata mafuvu ya watoto wenye vichwa vidogo, akiamini ubongo ukipata nafasi utakua. Wengi walimwiga. Jacobi akahesabu: kati ya watoto 33 waliopasuliwa, karibu nusu walifariki. Mwaka 1894, katika mkutano wa madaktari jijini Rome, aliwakemea wapasuaji hao waziwazi.

Kosa lilikuwa kwenye utambuzi. Kwa kawaida ubongo unaokua ndio unaosukuma fuvu lipanuke. Wengi wa watoto wale walikuwa na vichwa vidogo kwa sababu ubongo wenyewe haukukua. Kukata mfupa kusingewasaidia.

Upasuaji ukaachwa kwa miaka mingi, hata kwa waliouhitaji kweli. Jacobi alifariki mwaka 1919. Mwaka 1927, Faber na Towne wa California walionyesha kuwa mtoto ambaye mishono ya fuvu imefunga kabla ya wakati hunufaika akipasuliwa mapema.

Leo upasuaji huu ni salama zaidi, na mara nyingi hufanyika kabla mtoto hajatimiza mwaka. Ukiona kichwa cha mwanao kinarefuka au kupinda upande mmoja, au ukipapasa ukaona tuta gumu kwenye mshono, mpeleke kliniki apimwe mzunguko wa kichwa. Usisubiri, na usikubali kisu kabla hujamuuliza daktari: tatizo liko kwenye mfupa, au kwenye ubongo?