Gram Parsons: Alisifiwa na Wahakiki, Hakupata Wanunuzi

Marehemu Gram Parsons alifariki tarehe 19 Septemba, 1973, katika hoteli ndogo ya Joshua Tree, California, kwa ulevi na mofini. Alikuwa na umri wa miaka 26. Santuri yake ya mwisho, Grievous Angel, ilitoka Januari 1974.

Wahakiki wengi waliipokea kwa sifa. Madukani yakawa mengine: katika orodha ya Billboard ya santuri 200 haikupanda kupita nafasi ya 195. Vijana wa roki waliuona muziki wake kuwa wa wakulima, na wakulima nao wakamwona mhuni wa nywele ndefu. Kundi la Eagles, lililofuata njia hiyo hiyo, liliuza mamilioni.

Mimi ni mtu wa udi na fidla, lakini santuri hii naielewa. Huzuni yake si ya kuigiza. Babake alijiua mwaka 1958, mtoto ana miaka 12. Mamake aliuawa na ulevi mwaka 1965, siku ile ile kijana alipohitimu shule. Sauti yake ni nyembamba, karibu kukatika, na bibi Emmylou Harris humwitikia akipanda naye bila kumfunika. Hapo ndipo penye utamu wote. Wimbo wa mwisho ni maombolezo ya rafiki zake waliokufa. Hata haujafika sokoni, naye keshawafuata.

Sisi Waafrika tunalo jingine la kumkumbukia. Julai 1968, akiwa London na kundi la Byrds, alikataa kwenda kupiga muziki Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Wenzake wakenda bila yeye. Wako waliodai kuwa alitaka tu kubaki karibu na rafiki zake wa Rolling Stones. Huenda yote mawili ni kweli, lakini Afrika Kusini hakukanyaga.

Mazishi yake yatamtia Muislamu uchungu. Rafiki yake, akishika ahadi waliyowekeana, aliiba jeneza katika uwanja wa ndege wa Los Angeles akaenda kuichoma maiti jangwani. Mahakama ikamtoza faini tu! Mabaki yalizikwa Louisiana.

Nyimbo zilibaki mikononi mwa Emmylou. Aliziimba mwaka hata mwaka, na mwaka 1999 akasimamia santuri ya waimbaji wengine wakiziimba upya.