Leo Fender: Fundi wa redio aliyelitia adabu gitaa la besi

WAPIGA gitaa la besi wa jiji la Eldoret, wawe wa bendi za benga au wa kwaya za makanisa, wanaijua vyema aibu hii. Nyuzi nne zimetuniwa kwa makini kabla ya shughuli kuanza, na kila mmoja unatoa sauti yake barabara unapopigwa bila kubonyezwa. Hata hivyo, vidole vinapopanda shingoni kuelekea kwenye mwili wa gitaa, sauti hupotoka na kugombana na kinanda, na lawama zote humwangukia mpigaji.

Wahenga walinena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini katika jambo hili, si kila anayelaumu chombo ni mvivu wa mazoezi. Mara nyingi kosa limo katika gitaa lenyewe, nalo ni kosa ambalo lilimchukua mtengenezaji wake mashuhuri, Mmarekani Leo Fender, takriban miaka sita kulirekebisha.

Cha ajabu ni kwamba Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye vichwa vya magitaa kote ulimwenguni, hakuwahi kujifunza kupiga gitaa maishani mwake.

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909, katika familia ya wakulima wa michungwa karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, jimboni California. Akiwa na umri wa miaka minane aliugua uvimbe wa jicho, na jicho hilo likatolewa akawekewa la kioo. Alipokuwa kijana mdogo, jamaa yake mmoja aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimtumia sanduku la vipuri vya redio. Tangu siku hizo moyo wake ulitekwa na umeme.

Hata hivyo, elimu aliyoisomea chuoni ilikuwa ya uhasibu. Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipomnyang'anya kazi, alikopa dola 600 na mnamo 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Duka hilo ndilo lililokuwa shule yake ya muziki. Wanamuziki walimletea vikuza sauti na magitaa yaliyoharibika, naye akawasikiliza walivyolalamika. Kwa kuwa hakuwa mpigaji, hakuwa na mazoea ya kutetea. Kila lalamiko kwake lilikuwa hitilafu ya kutafutiwa dawa, kama redio iliyokataa kuzungumza. Katikati ya miaka ya 1940 alianza kuunda magitaa ya umeme, na kufikia 1951 gitaa lake liitwalo Telecaster lilikuwa sokoni.

Lalamiko moja lilizidi mengine. Wapigaji wa besi wa wakati huo walitumia chombo kikubwa cha mbao kilichosimamishwa wima, kirefu kuliko mtu. Kukisafirisha kulikuwa adhabu, na ngoma na tarumbeta zilipopamba moto, hakuna aliyekisikia. Isitoshe, shingo yake ilikuwa laini isiyo na alama. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti imeharibika.

Fender hakuwa wa kwanza kuwazia jawabu. Paul Tutmarc wa mji wa Seattle alikuwa ameunda besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa katika miaka ya 1930, ila haikuenea. Ile ya Fender, iliyotolewa mwishoni mwa 1951, ndiyo iliyobadilisha muziki. Ilikuwa na nyuzi nne zenye urefu wa inchi 34 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, na shingo iliyopigiliwa freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama mataruma ya reli. Sasa si kidole kilichoamua sauti, bali chuma. Kwa sababu hiyo Fender aliipa jina la Precision, neno lenye maana ya usahihi.

Jina hilo lilikuwa ahadi, na ahadi ni deni. Deni lenyewe halikulipwa lote siku ile.

Tatizo lilikuwa kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa. Uzi unapobonyezwa hadi ukagusa freti, huvutika kidogo, na sauti yake hupanda. Ili kufidia hilo, uzi hurefushwa kidogo kuliko hesabu kavu inavyodai. Uzi mnene huhitaji kurefushwa zaidi ya ule mwembamba, hivyo kila mmoja unapaswa kuwa na kiegemeo chake kwenye daraja, kinachoweza kusogezwa mbele au nyuma.

Besi ya kwanza ya Fender ilikuwa na viegemeo viwili tu kwa nyuzi nne. Kila nyuzi mbili ziligawana kimoja. Ukisahihisha wa kwanza, wa pili unakosea. Ukimridhisha wa pili, wa kwanza ananuna. Mpigaji alibaki kuchagua kosa alilolivumilia zaidi.

Fender aliendelea kusikiliza. Mnamo 1954 alitoa gitaa la Stratocaster, ambalo kila uzi kati ya sita ulipewa kiegemeo chake. Miaka mitatu baadaye, 1957, akaihamishia hekima hiyo kwenye besi, ikapata viegemeo vinne kwa nyuzi nne. Hapo ndipo jina la Precision lilipostahili kikamilifu.

Urithi huo wa 1957 ndio ulio mkononi mwa mpigaji wa Eldoret hii leo, kwani besi nyingi zinazouzwa madukani, ziwe za bei ghali au rahisi, zina daraja la namna hiyo. Shida ni kwamba wengi hawajui kuwa skrubu zilizo nyuma ya daraja zimewekwa ili zizungushwe.

Mafundi hufuata utaratibu ambao haupaswi kupinduliwa. Kwanza huweka nyuzi mpya, kwa sababu uzi uliochakaa au kupata kutu hauwezi kusema kweli hata daraja lisogezwe vipi. Pili hukagua shingo. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi kati ya Desemba na Februari hukausha hewa, kisha mvua huirudishia unyevu. Mbao nazo hunywea na kuvimba, shingo ikapinda. Fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo ndiyo inayoirudisha, nayo huzungushwa kidogo kidogo. Tatu, hupima kimo cha nyuzi, kwani uzi ulio juu mno huvutika sana unapobonyezwa.

Baada ya hayo ndipo huja zamu ya viegemeo. Uzi hutuniwa ukiwa wazi kwa kifaa cha kupimia sauti, kisha hubonyezwa kwenye freti ya 12, ambayo ni katikati ya urefu wake. Sauti inapaswa kuwa ileile, oktava moja juu. Ikiwa imepanda kupita kiasi, kiegemeo husogezwa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa imeshuka, husogezwa mbele kuelekea shingoni. Kila baada ya kuzungusha skrubu uzi hutuniwa upya kabla ya kupimwa tena.

Endapo kosa linasikika kwenye freti tatu za mwanzo pekee, daraja halina hatia. Huenda mifereji inayopitisha nyuzi karibu na kichwa cha gitaa haikuchimbwa vya kutosha. Na ikiwa vinasa sauti vimeinuliwa mno, sumaku zake huuvuta uzi mnene na kuitikisa sauti yake.

Fender mwenyewe hakudumu na kampuni yake. Akisumbuliwa na maradhi ya muda mrefu na kudhani siku zake zinayoyoma, aliiuzia kampuni ya CBS mnamo Januari 1965 kwa dola milioni 13. Baadaye alipata daktari aliyemponya. Akajikuta mzima wa afya, tajiri, lakini jina lake limekuwa mali ya wengine, nao wanamuziki wakinung'unika kuwa magitaa yenye jina hilo yalizidi kushuka ubora.

Angeweza kustarehe. Badala yake alirudi kwenye meza ya kazi. Katika miaka ya 1970 alishiriki kuanzisha kampuni ya Music Man, ambayo besi yake ya StingRay ilitoka 1976. Mkewe, Esther, aliyeoana naye 1934, alifariki 1979. Wakati huohuo yeye na rafikiye wa siku nyingi, George Fullerton, walianzisha kampuni ya G&L, herufi za mwanzo za majina yao mawili, kwa kuwa jina la Fender hakuwa na ruhusa ya kuliuza tena.

Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha mikono, lakini haukumwondoa kiwandani. Aliaga dunia Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81.

Besi yake ilikuwa imevuka bahari zamani. Katika benga iliyoenezwa na Daniel Owino Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, besi haisubiri nyuma, bali hukimbizana na gitaa la solo hadi wachezaji wakasahau uchovu. Mbio kama hizo hazina huruma kwa sauti iliyopotoka.

Kwa hiyo kijana wa Eldoret anayelaumiwa kila Jumapili asikimbilie kununua gitaa jingine, wala asikate tamaa na vidole vyake. Abadili nyuzi, aikague shingo, kisha achukue bisibisi na kuzungusha skrubu ile ndogo. Aliyeiweka pale hakujua kupiga hata wimbo mmoja kwa gitaa, ila aliamini kwamba mwanamuziki anapolalamika, fundi hana budi kukagua chombo kabla ya kumhukumu mpigaji.