Franz Böhm: profesa aliyetaka sheria iwafunge kamba wenye nguvu ya pesa

Tuseme wauzaji wote wa unga wa soko moja wamekutana usiku na kukubaliana bei. Asubuhi unafika sokoni, unazunguka meza kwa meza, na kila fasi bei ni ile ile. Hakuna aliyekunyanganya kitu kwa nguvu. Hakuna hata wa kumushitaki. Lakini uhuru wako wa kuchagua umekwisha, na wewe haukuwa kwenye ule mukutano.

Sheria ifanye nini mbele ya mapatano kama hayo? Iyalinde, ifunge macho, ao iyakataze? Mu Ujerumani kulikuwa profesa mumoja wa sheria aliyetumia karibu maisha yake yote kwa swali hilo. Jina lake ni Franz Böhm. Kazi yake ya ualimu ilikatwa na utawala wa Hitler, kiisha akairudilia, na mwisho akashiriki kutunga sheria yenyewe akiwa mubunge. Leo kipindi chetu cha maisha ya watu kinamuangalia yeye.

Kijana wa ofisi ya makartele

Böhm alizaliwa tarehe 16 Februari 1895 mu Konstanz, muji ulio kandokando ya ziwa, karibu na mupaka wa Uswisi. Alikomalia Karlsruhe, ambako baba yake alikuwa mutumishi mukubwa wa serikali ya Baden na baadaye waziri wa elimu. Vita ya kwanza ya dunia ilimukuta kijana, akaenda kuwa askari. Aliporudi akasoma sheria katika universite ya Freiburg, na mwaka wa 1924 akaingia kazi kwenye ofisi ya mashitaka ya serikali.

Mwaka uliofuata akaitwa Berlin, katika wizara ya uchumi, kwenye ofisi iliyochunga makartele. Kartele ni mapatano kati ya masosiete yanayouza kitu kimoja: wanapanga bei pamoja, wanagawana wanunuzi, ao wanakubaliana kila mumoja atengeneze kiasi gani. Mu Ujerumani ya wakati ule mapatano hayo yalikuwa mamia na mamia, katika makaa ya mawe, chuma, simenti, karatasi na mengine mengi. Tangu mwaka wa 1923 kulikuwa amri ya serikali juu yao, lakini haikukataza kartele. Iliruhusu tu serikali kuingilia pale kartele inapotumia nguvu yake vibaya.

Böhm alifanya kazi hapo hadi mwaka wa 1931. Kila siku barua zilipita mbele ya macho yake, na aliona vile mufanyabiashara mudogo aliyekataa kuingia katika kartele alivyoweza kunyimwa bidhaa hadi duka lake linafungwa. Aliona pia kwamba serikali ilikuja kila mara imechelewa, juu wenye nguvu walikuwa wamekwisha kupangana. Mwaka wa 1928 aliandika makala juu ya nguvu ya watu binafsi. Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: tunaogopa serikali yenye nguvu kupita kiasi, na ni haki kuiogopa, lakini sosiete inayoweza kuamuru bei na kufunga milango ya wengine nayo inatawala watu, na hakuna aliyeipigia kura.

Hukumu ya mwaka wa 1897

Kwa kumuelewa, turudi nyuma kidogo. Katika jimbo la Sachsen, watengenezaji wa malighafi ya karatasi inayotoka kwenye miti waliungana. Walikubaliana kuuza kupitia ofisi moja tu, na mwenye kuvunja mapatano atalipa faini. Mumoja wao akauza mwenyewe pembeni. Wenzake wakamupeleka tribinali. Kesi ikapanda hadi tribinali ya juu ya inchi, mu Leipzig, na mwaka wa 1897 majaji wakaamua kwamba mapatano yale ni halali. Watu huru wameweka mukono, basi watimize.

Kwa Böhm, hapo njo Ujerumani ilipokosea njia. Tangu siku ile, kartele haikuvumiliwa tu. Iliweza kutumia majaji wa serikali kumurudisha ndani mwenye kutaka kutoka. Uhuru wa kufanya mapatano, aliona Böhm, ulitolewa na sheria ili watu wengi waweze kushindana na kuchagua. Kuutumia uhuru huo ili kuua ushindani ni kukata tawi ambalo umelikalia.

Kitabu cha mwaka wa 1933

Alirudi Freiburg na kuandika hayo katika kitabu kikubwa juu ya ushindani na mapigano ya kimonopoli, kilichotoka mwaka wa 1933. Kwa kitabu hicho akapata haki ya kufundisha universite.

Ndani yake alitofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna kushindana, na kuna kupigana. Wenye kushindana ni kama wakimbiaji: kila mutu yuko kwenye njia yake, wote wanaangalia mwisho mumoja, na mwenye kuamua mushindi ni mununuzi. Wenye kupigana wanaangaliana wao kwa wao, na kila mutu anatafuta kumuangusha mwenzake. Mutengeneza mikate anayeoka mukate muzuri zaidi anashinda kwa kazi. Lakini yule anayemulipa mwenye kinu ili asimuuzie jirani unga ameacha mashindano, ameanza vita. Sheria ilinde wa kwanza na imufunge kamba wa pili.

Kutoka hapo akafika kwenye fundisho ambalo watu wa Freiburg wanajulikana nalo hadi leo. Soko huru halijitengenezi lenyewe, na halijilindi lenyewe. Ni kama muchezo wa mpira: bila sheria na bila mwamuzi, timu yenye mikono mingi itaushika mpira na kutembea nao. Wanainchi wanapochagua uchumi wa ushindani wamechagua aina ya katiba, na katiba hiyo inahitaji ulinzi. Faida ya ushindani, kwake, haikuwa bei ya chini peke yake. Faida kubwa ni kwamba unavunja nguvu ya wakubwa, kila siku, bila bunduki.

Böhm hakuwa peke yake. Pamoja na Walter Eucken, profesa wa uchumi, na mwanasheria Hans Großmann-Doerth, walifundisha darasa moja na kutoa vitabu kwa pamoja. Wachumi na wanasheria walikaa meza moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Lakini angalia mwaka wenyewe. Januari 1933 Hitler alishika utawala. Julai ya mwaka ule ule sheria mupya ikamupa waziri uwezo wa kulazimisha masosiete kuingia katika kartele. Profesa ameandika kwamba kartele ni hatari, na serikali imezifanya chombo chake. Nguvu ya serikali na nguvu ya pesa zilishikana mikono, kitu ambacho Böhm aliogopa zaidi.

Chakula cha usiku mu Jena

Mwaka wa 1936 alikwenda kufundisha mu universite ya Jena. Alikuwa amemuoa Marietta, binti ya Ricarda Huch, mwandishi mukubwa wa vitabu. Mama mukwe huyo hakuwa mutu wa kunyamaza: mwaka wa 1933 alijiondoa katika akademia ya sanaa ya Prussia juu hakukubali mambo ya Wanazi. Alikuja kukaa nao Jena.

Mwaka wa 1937 familia ilialikwa mahali kwa chakula. Kati ya wageni alikuwa mufuasi wa SS, mwalimu katika universite ile ile. Mazungumuzo yakafika juu ya Wayahudi. Yule akasema maneno ya dharau, na Böhm na mama mukwe wake wakamupinga wazi, pale pale mezani. Mugeni alipotoka akawashitaki.

Kwa maneno ya jioni moja, uchunguzi ulianza juu yao wote wawili. Mwaka wa 1938 Böhm alisimamishwa, na mwisho alipoteza ruhusa ya kufundisha. Alikuwa na zaidi ya miaka 40, na kazi ambayo alikuwa amejitayarisha kuifanya kwa miaka mingi ikafungwa. Angeweza kuomba musamaha na kusema ilikuwa pombe. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuonana kwa siri na marafiki wa Freiburg, ambao walifikiri na kuandika namna Ujerumani itakavyosimama tena siku Hitler ataondoka. Baada ya jaribio la kumuua Hitler mwezi wa Julai 1944, wengine kati yao walikamatwa. Böhm alipona.

Deni ambalo halilipiki

Mwaka wa 1945 milango ilifunguka. Kwa muda mufupi alikuwa waziri wa elimu mu jimbo la Hessen, kiisha akawa profesa mu Frankfurt hadi mwaka wa 1962, na hata rekta wa universite hiyo. Mwaka wa 1948 yeye na Eucken walianzisha kitabu cha kila mwaka kinachoitwa ORDO. Eucken alikufa mwaka wa 1950, na muzigo wa fundisho lao ukabaki kwa sehemu kubwa juu ya Böhm.

Mwaka wa 1952 kansela Konrad Adenauer alimupa kazi nyingine kabisa: kuongoza wajumbe wa Ujerumani katika mazungumuzo na Israeli na mashirika ya Wayahudi, mu Wassenaar, inchi ya Uholanzi. Ilikuwa juu ya malipo kwa ajili ya mali zilizonyanganywa na kwa walionusurika. Hakuna aliyefikiri kwamba pesa inaweza kulipa watu milioni sita waliouawa. Lakini mali iliyoibwa ilikuwa na wenyewe.

Mu serikali yake mwenyewe kulikuwa wakubwa waliotaka kutoa kidogo na kuchelewesha. Mwezi wa Mei Böhm na mwenzake Otto Küster walijiuzulu. Hawakukubali kukaa mbele ya watu walioteswa na kuwapa ahadi ambayo nyuma yake hakuna kitu. Kujiuzulu huko kulipiga kelele, Adenauer akasikia, na Böhm akarudi mezani na hesabu ya kweli. Tarehe 10 Septemba 1952, mu Luxembourg, mapatano yaliwekwa mukono: marki bilioni 3 kwa Israeli, kwa sehemu kubwa katika bidhaa na kwa miaka kadhaa, na marki milioni 450 kwa ajili ya mashirika ya Wayahudi.

Sheria yenyewe

Mwaka wa 1953 Böhm alichaguliwa mubunge kwa chama cha CDU, akakaa hadi 1965. Tangu mwaka wa 1949 alikuwa amesaidia kutayarisha muswada mukali wa sheria ya ushindani, lakini muswada ule uliwekwa pembeni. Sasa vita ilihamia bungeni. Waziri wa uchumi Ludwig Erhard alitaka makartele yakatazwe. Shirikisho la wenye viwanda lilipinga kwa nguvu zote, na wengi wa wapinzani hao walikuwa ndani ya chama chake Böhm. Mwaka wa 1955 yeye na wabunge wenzake walileta muswada wao, mukali kuliko wa serikali.

Haukupita. Sheria iliyopigiwa kura mwaka wa 1957, na kuanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1958, ilikataza makartele, lakini ilijaa matundu. Kilimo, usafirishaji, mabenki na bima vilipata njia zao za pembeni. Haikuzuia sosiete kubwa kumeza ndogo. Hilo lilingoja hadi mwaka wa 1973. Hata hivyo kitu kimoja kiligeuka kabisa. Kabla, kartele ilikuwa halali hadi mutu aonyeshe ubaya wake. Sasa ilikatazwa, na mwenye kutaka ruhusa njo alipaswa kujieleza. Hukumu ya mwaka wa 1897 ilikuwa imezikwa, kisha miaka 60.

Böhm alikufa tarehe 26 Septemba 1977 mu Rockenberg, akiwa na miaka 82.

Kinachotuhusu

Mwaka ule ule wa 1957 mapatano ya Roma yaliweka katika soko la Ulaya makatazo mawili: kupanga bei pamoja, na kutumia vibaya nafasi ya kutawala soko. Watu waliosoma kwa Böhm na wenzake walikuwa kati ya wale walioyapa nguvu makatazo hayo. Leo yanakutwa katika sheria za inchi nyingi. Hata hapa kwetu Kongo, sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inakataza mambo hayo mawili.

Kuandikwa ni hatua moja. Maisha ya Böhm yanaonyesha kwamba hatua hiyo peke yake haitoshi. Mu Ujerumani majaji walikuwepo mwaka wa 1897, na wakamulinda mwenye nguvu. Amri ilikuwepo mwaka wa 1923, na ikafika imechelewa. Kila mara ilihitaji mutu wa kusema wazi kwamba hapana, hata kama ni mezani kwa watu, hata kama ni mbele ya chama chake. Siku utakapokuta bei ni ile ile kwenye meza zote za soko, ujue swali lake Böhm lingali linangoja jibu.